Kaseti ya Faragha

Ni mimi niliyeifuta kaseti ya bibi. Si kaka yangu. Nimelikana jambo hili kwa karibu miaka arubaini, mbele ya mama, mbele ya marehemu baba, hata mbele ya mume wangu ambaye wala hakuwa ameniuliza, na nimelikana kwa ufundi ambao lau ningeutia kwenye kazi yangu ya chuo ningekuwa profesa zamani. Kaka alinyang'anywa kompyuta yake miezi mitatu kwa kosa langu. Siku aliyonyang'anywa nilimtazama akilia, kisha nikaenda jikoni nikala biskuti. Nazikumbuka biskuti zenyewe. Zilikuwa za krimu ya ndimu.

Sasa nimeshasema, na ninaona moyo unanidunda kwa furaha ambayo mtu aliyekamatwa hana haki nayo. Lakini hadithi hii inanifurahisha na siwezi kuisimulia kwa uso wa matanga.

Tulikuwa tukikaa Ruwi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa. Wazee wetu walikuja kutoka Unguja, sisi wawili tukazaliwa hapa Maskati, na nyumba yetu ilikuwa na Kiswahili ndani na Kiarabu kuanzia kwenye ngazi. Vitu vya umeme viliingia mle kimoja kimoja, na kila kimoja kilipokelewa kama mgeni aliyetoka Hija. Kulikuwa na video iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Kulikuwa na simu ya kuzungusha namba, nayo imefunikwa kitambaa. Mama alikuwa akiamini kuwa mashine ikiachwa kichwa wazi inapata mafua.

Kwa upande wangu nilikuwa na utajiri wa vitu viwili. Kimoja ni kile kichezeo cha maji: kisanduku cha plastiki, ndani yake vijipete vya rangi vinaelea, unabonyeza kitufe vinaruka, na kazi yako ni kuviingiza kwenye vijiti. Nilikibonyeza mpaka kidole gumba kikaota sugu. Cha pili ni kamera nyekundu ambayo haikupiga picha hata siku moja. Watu walituletea kutoka Makka. Unaiweka jichoni, unaielekeza kwenye mwanga, unabonyeza, na Alkaaba inakuja. Unabonyeza tena, Madina. Tena, ngamia. Kwa nini ngamia, sijui mpaka leo, lakini mimi nilikuwa nikizipita haraka picha zote tukufu ili nimfikie ngamia.

Mfalme wa nyumba ile, hata hivyo, alikuwa redio kaseti. Ilikuwa nyeusi, ina mkono wa kubebea na vitufe vikubwa kama meno ya farasi, na ndiyo iliyotuletea bibi.

Bibi, mama yake mama, alibaki Unguja. Macho yake yalikuwa hayasomi tena barua, na simu hakuwa nayo. Basi tulikuwa tukiandikiana kwa kaseti. Msafiri akija kutoka Unguja, ndani ya sanduku lake, katikati ya karafuu na nguo, hukosi kukuta kaseti imefungwa kwa leso. Tunakaa chini kwenye zulia sote, baba anabonyeza, na bibi anaanza kutusalimia mmoja mmoja. Tena hakuwa akisalimia hivi hivi. Anasema, "Na wewe mjukuu wangu wa kike, hujambo?" kisha ananyamaza kutusubiri. Unasikia jogoo wa jirani, unasikia mtu akikohoa. Na mimi, pale Ruwi, naiambia redio, "Sijambo bibi, shikamoo." Na bibi anasema, "Marahaba." Mara nyingine nilichelewa, akasema marahaba kabla sijamwamkia, nami nikaona haya mbele ya mashine.

Kisha kaka akapata kompyuta. Alikuwa na miaka kumi na tatu, amefaulu vizuri, na baba akamnunulia mojawapo ya zile kompyuta za nyumbani zenye herufi za Kiarabu: yote ni kibodi tu, nene kama tofali, unaichomeka nyuma ya televisheni. Haikuwa na pahala pa kuweka kumbukumbu. Ukiizima, imesahau kila kitu. Ukitaka ikumbuke, unaiunga kwa nyaya na redio kaseti, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na kazi yako inaingia kwenye kaseti kwa sauti. Na sauti gani! Kriiii, kwaaaa, kriiii, kama paka na kuku wamefungiwa kwenye pipa. Siku ya pili unaichezesha kaseti, kompyuta inazisikiliza kelele zile, na inazielewa. Hicho ndicho kilichonitia wazimu. Sikuwa na haja na michezo yake. Nilitaka kujua inasikia nini.

Kaka alinikataza kuigusa. "Hii si ya kitoto," aliniambia, yeye mwenye ndevu tatu. Kwa hiyo kila alipokwenda mpirani mimi nilikaa na kijitabu cha maelezo, nikiandika mstari kwa mstari, mtoto wa miaka kumi, ulimi nje. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimetunga programu yangu ya kwanza, na kwa kweli ndiyo ya mwisho. Ilikuwa inauliza: jina lako nani? Ukiandika jina la mtu yeyote inakukaribisha kwa heshima. Ukiandika jina la kaka, inaujaza uso wa televisheni kwa tusi: kichwa papai. Ila kibodi ya Kiarabu haina "che" wala "pe". Kwa hiyo programu yangu, kwa fahari zote, ilitukana: kishwa babai.

Ilipofanya kazi mara ya kwanza nilizunguka sebule nzima nikiruka. Nikaandika jina lake tena na tena. Kishwa babai, kishwa babai, mistari inapanda kama maji ya kisima. Lakini nilihitaji kuihifadhi, ili imngojee mwenyewe, na kaseti za kaka alikuwa amezihesabu. Nikaenda chumbani kwa mama, nikavuta mtoto wa meza yake ya kioo, nikaona kaseti moja ina karatasi juu, na kwenye karatasi mama ameandika neno moja kwa kalamu ya wino: fe, re, alifu, ghaini.

Hapa naomba msomaji anihurumie kidogo. Mama huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na bibi, na haweki alama za irabu. Aliandika faragha. Mtu aliyeileta kaseti ile alikuwa amepewa maagizo: hii ya faragha, bibi ana maneno na mwanawe, asikilize peke yake. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa skuli ya Maskati. Kwangu mimi herufi zile nne zilikuwa neno la Kiarabu, faragh, yaani pahala patupu, na nilikuwa nikiliona kila wiki kwenye mtihani: jaza faragh. Sentensi ina pengo, na mwanafunzi mwema analijaza. Nilikuwa hodari sana wa kujaza. Sikuichezesha kwanza kuhakikisha. Mwalimu amesema tupu, ni tupu.

Nikaunga nyaya, nikabonyeza vitufe viwili, paka na kuku wakaanza. Mama akaniita kula. Nilikwenda, nikala, nikasahau, na redio ikaendelea kurekodi kimya mpaka upande ule wa kaseti ukaisha. Upande wa pili bibi hakuwa ameutumia.

Nyumba yetu ilikuwa haina nafasi ya mtu kuwa peke yake, ndiyo maana mama alikuwa bado hajaisikiliza. Alipata nafasi wiki ile ile, siku ya harusi ya watu wa chini, sote tumetoka, yeye kabaki. Tuliporudi tulimkuta amekaa kitandani na redio mapajani, na ndani ya redio kaseti inapiga kriiii. Uso wake sitaki kuueleza. Kila mtu ndani ya nyumba aliijua sauti ile ni ya kompyuta, na kompyuta ilikuwa na mwenyewe.

"Si mie, mama! Wallahi si mie!"

"Basi nani? Baba yako?"

Mama akanigeukia. Nikasema, kwa sauti ndogo ya kusikitisha, "Mimi hata kuiwasha sijui."

Na tangu siku hiyo sijui. Nimekwenda chuo kikuu na sijui. Nimeandika makala mbili ndefu juu ya kusema ukweli, zikasomwa, nikapongezwa, na sijui. Bibi alikuja kufariki huko huko Unguja miaka sita baadaye. Kaseti nyingine zilikuja baada ya ile, za salamu na za habari, lakini ile ya faragha haikurudi. Kwenye kila mkusanyiko wa Idi, kaka, sasa mhandisi mwenye mvi, husema, "Ile kaseti sikuifuta mie," na sote tunacheka, na mimi huenda kuangalia chai.

Mwaka huu magoti ya mama yamekataa ngazi, tukaamua ahame nyumba yake ya Wattaya, aje kukaa kwangu. Tukawa tunafungua stoo, watu watatu, na maboksi ambayo hayajafunguliwa tangu Ruwi. Likatoka boksi la kompyuta. Mimi nilipiga ukelele. Ile kibodi nene! Na kile kichezeo cha maji, kimekauka, vijipete vimelala chini. Na kamera nyekundu. Nikaiweka jichoni, ngamia bado yupo! Nilikuwa nimekaa chini kwenye vumbi na abaya yangu nikibonyeza kama mwehu, kaka akasema, "Hebu tazama hii."

Alikuwa ameshika kaseti. Fe, re, alifu, ghaini.

"Mama, hii ulikuwa umeiweka?"

"Niitupe? Ilishikwa na mikono ya mama," mama alisema.

Kaka alikuwa amesimama, anaigeuza geuza, na macho yake yalianza kung'aa kwa namna ambayo siku nyingine ningeipenda. "Zile kelele ni programu," alisema. "Ipo humu. Ikisomeka, tutaijua ni programu gani. Na mie programu zangu nnazijua zote."

Ningeweza kumkatisha tamaa. Ningeweza kusema utepe umeoza. Na hapa ndipo ninapojiona mimi mwenyewe kichekesho: sikuweza, kwa sababu nilitaka kuiona. Nilijua itaninyonga, na nilitaka kuiona.

Akaipeleka mtaa wa Hamriya, kwa fundi mmoja mwenye kiduka cha vitu vilivyokufa, akarudi baada ya siku mbili na sauti yote imeingizwa kwenye kompyuta yake ya mkononi. Humo alikuwa amepata programu inayojifanya ile kompyuta yetu ya zamani. Tulikaa sebuleni kwa mama, katikati ya maboksi, baada ya alasiri. Mara ya kwanza: kosa. Mara ya pili: kosa.

"Punguza sauti kidogo," nilisema. "Ikiwa kubwa haisikii."

Kaka alinitazama. "Na weye umejuaje?"

"Nimehisi tu."

Akapunguza. Kriiii, kwaaaa, kriiii. Nilikuwa nimeshika mto kifuani. Skrini ikawa nyeusi, kisha herufi nyeupe, zile zile nene, zikatokea upande wa kulia: jina lako nani? Kaka akaandika jina lake, polepole, kidole kimoja. Na skrini ikajaa.

"Kishwa babai," kaka alisoma. "Kishwa babai, kishwa babai, kishwa... nini hii? Babai?"

"Inafanya kazi!" nilipiga kelele. Nilikuwa nimeshasimama juu ya kochi, sijui nimefikaje. "Bado inafanya kazi! Miaka yote hiyo! Andika jina jingine uone, inakukaribisha, kuna mstari niliuweka wa..."

Nje gari ilikuwa ikirudi nyuma inalia. Nilikuwa bado juu ya kochi.

"Haya," kaka alisema taratibu. "Mstari uliuweka wa nini? Malizia, profesa."

"Nilidhani ni tupu," nilisema. "Imeandikwa faragh."

"Miezi mitatu! Miezi mitatu nimekaa bila kompyuta! Na weye unanitazama!"

"Na biskuti nilikula," nilisema, maana ukishaanza kukiri ni vigumu kusimama.

Alikuwa anacheka, ila alicheka kama mtu anayetafuta kitu cha kunirushia. Tukamgeukia mama. Nilitarajia anipige na kobazi, hata kwa umri huu. Mama alikuwa anaitazama skrini tu.

"Mie sikuisikia ile kaseti," alisema. "Hata neno moja."

"Tunajua, mama," kaka alisema. "Ndo ugomvi wenyewe."

"Hamjui. Mama yangu hakuambiwa kama imefutika. Ntamwambiaje? Maneno yake ya siri, tena kwa tabu ile, ntamwambia watoto wamerekodi mashine juu yake? Nikamjibu. Nikamwambia, nimekusikia mama, ntafanya kama ulivosema. Nlidhani kaseti inayofuata atataja, ntajua. Akajibu, ahsante mwanangu, nakungoja. Basi. Nakungoja. Hakusema tena."

Kaka akaifunga kompyuta.

"Nafikiri alitaka nije nimchukue," mama alisema. "Alikuwa mtu mzima, peke yake na mdogo wangu. Nimemwambia ntafanya. Na sikwenda."

Nimekuwa nikifikiri kwa miaka arubaini kwamba nilichoiba ni kompyuta ya kaka. Nikashuka kwenye kochi.

Mama mdogo yuko hai, Unguja, ni yeye aliyekaa na bibi mpaka mwisho. Nikasema tumpigie tumuulize. Mama akakataa kabisa. "Nimwambie nini? Kwamba nlimdanganya mama? Na akinambia ndiyo, alitaka uje umchukue, nikae na hilo mpaka nife? Niache." Akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Nilikwenda barazani na simu. Nilikuwa nimenyamaza vya kutosha katika maisha yangu, na safari hii kimya changu kingemgharimu yeye. Nikamtumia mama mdogo ujumbe wa sauti, wote, tangu mtoto wa meza mpaka vikombe, na nilipofika kwenye babai nilicheka, na nilipofika kwenye nakungoja sikucheka. Kisha nikaingia ndani nikamwambia mama nilichofanya. Alivuta kiti akakaa, akaiweka simu yake mezani mbele yake, akaitazama. Ililia kabla ya magharibi. Mama akaniashiria nibonyeze mimi, nikaiweka sauti kubwa.

"Dada," mama mdogo alisema, "ati weye hukuisikia ile kaseti?"

"Sikuisikia."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote hiyo. Sema tu."

"Ngoja nifunge mlango. Na mwanao wa kiume yupo? Mtoe."

Kaka akatoka kwenda barazani, akauacha mlango wazi.

"Mie ndo nlokuwa nabonyeza," mama mdogo alisema. "Vitufe viwili kwa pamoja, vidole vya mama havina nguvu. Kaniambia bonyeza, usiviachie isije ikakatika, na uzibe masikio. Sasa na mikono yote miwili iko kwenye redio, ntaziba na nini? Nikasikia yote. Akaniapisha nisiseme."

"Alitaka nije nimchukue?"

"Umchukue nani? Mama? Aje Maskati? Mama akenda kulala hapo Bububu tu, siku ya pili analilia kwake. Alitaka sidiria."

Mama aliisogelea simu.

"Zile za kufunga mbele," mama mdogo aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa inakimbia, kama mtu aliyebeba mzigo kwa miaka na leo kaambiwa autue. "Bega lake halikuwa likimpeleka mkono nyuma. Jirani kaletewa kutoka huko kwenu, mama akaziona, akasema kwa mwanangu zipo. Mbili, nyeupe. Akaona haya asije akasikiwa na mumeo. Ukajibu ntafanya, basi kila anokuja kutoka Maskati mie nnatumwa kuulizia mzigo. Likaja bunda lako. Udi, halua, mafuta ya nywele. Mama anapekua, anapekua, kisha kapekua tena."

"Akasemaje?" mama aliuliza.

"Kasema, mwanangu kaona haya dukani, mwacheni. Nisikutajie. Nikamfundisha ile ya zamani aifunge kwa mbele kisha aizungushe, akaizoea. Hakuwa na lolote moyoni, dada. Alikuwa akicheka nayo."

Mama alikuwa ameuvuta mtandio mpaka puani. Kaka alichungulia mlangoni, nikamfukuza kwa mkono.

"Saizi gani?" mama alisema.

"Nini, dada?"

"Mama. Akivaa saizi gani?"